Stepanida Efimovna, Aliyeitwa Perepelkina

Baba Mikhail, ndugu wa marehemu, majirani wa Mtaa wa Pantoni, waheshimiwa wa baraza la mji wetu wa Mokrogorsk, na ninyi wageni mliokuja kwa treni kutoka Moscow na bado hamjavua makoti, karibuni, wenye pa kukaa wakae, na wale walioegemea kioo kilichofunikwa kitambaa wasogee, kioo chenyewe kimening'inizwa kwa msumari mmoja. Historia hii inasomwa na Timofei Lukich, ambaye marehemu alikuwa mama yake mkubwa, na maneno yote yametoka kwa mama mzazi wa Timofei, Agrafena Efimovna, mdogo wa pekee wa marehemu, ambaye macho yake hayaoni tena herufi ndogo lakini mengine yote anayaona vizuri sana.

Familia inaomba radhi kwamba historia itakuwa ndefu kidogo, kwa sababu kuna jambo linalongoja mwisho wake, nalo ni hili: baraza la mji, kupitia Bwana Porfiri Antipych aliyesimama pale karibu na jiko, limejitolea kuweka jiwe la marumaru juu ya kaburi la marehemu, limeleta hata na mchoro, na katika mchoro huo jina la Stepanida halipo kabisa, pameandikwa PEREPELKINA kwa herufi za urefu wa kiganja, na chini yake jozi ya mabuti ya kuchongwa. Mchongaji anataka neno la familia leo, kabla jeneza halijavuka kizingiti, na mwenye neno hilo, baada ya marehemu kufiwa na mtoto kisha na mume, ni Agrafena Efimovna peke yake.

Marehemu alizaliwa tarehe 2 Novemba 1829, katika nyumba hii hii, enzi hizo ikiwa kituo cha farasi wa posta, akiwa mtoto wa kwanza wa msimamizi wa kituo, Efim Savelich Kudimov, na mkewe Marfa, na alizaliwa mnene, mweupe, mtulivu, mkunga akasema mtoto wa namna hii hazaliwi mara mbili katika nyumba moja, maneno ambayo Agrafena Efimovna, aliyezaliwa tarehe 23 Juni 1834 akiwa mwembamba na mwenye makelele, alisimuliwa kila mwaka siku ya mtakatifu somo wake, mpaka mama yao alipofariki na kumpa nafasi ya kupumua.

Kuhusu elimu, marehemu alifundishwa kusoma na shemasi Gavrila kwa majira mawili ya baridi, kuanzia Novemba 1838 hadi Machi 1840, akamaliza Zaburi zote na kuanza hesabu, na zamu ya Agrafena ilipofika, shemasi alifundisha majuma sita tu, akateleza kwenye barafu akiteka maji mtoni, akafa, baba yao akasema, "Basi, herufi alizopata zinamtosha, dada yake atamsomea." Na kweli marehemu alimsomea mdogo wake miaka yote, kwa sauti nzuri, hilo hakuna wa kumnyima, lakini aliruka sehemu alizoona hazimfai mwenziwe, na alipoulizwa mbona hadithi imekatika ghafla, alijibu kwa upole wake ule ule, akimwita kwa jina lake la nyumbani, "Imekatika hivyo hivyo kitabuni, Grusha, kalale."

Kazi aliianza mwaka 1842, mama yao alipofariki, akawa mwenyeji wa chumba cha wageni hapa kituoni, na hapa familia inaomba watu wasikilize vizuri, hasa wageni wa Moscow, kwa sababu mambo mengi yamesemwa. Marehemu hakuwa mchoyo. Marehemu alimpa kila mgeni mshumaa mpya na hakuuliza umebaki kiasi gani, alimwaga majani ya chai yakiwa bado na rangi, alimpa mwendesha farasi kipande cha pai ya samaki kabla hata mwenye safari hajaonja, na kama kituo kingeachwa mikononi mwake kingefungwa kabla ya sikukuu ya Utatu. Aliyepima mishumaa kwa uzi kabla ya kumpa mgeni, akafunga fundo, akaipima tena mgeni alipoondoka, ni Agrafena. Aliyekausha majani ya chai juu ya jiko na kuyarudisha kwenye birika mara ya pili na ya tatu ni Agrafena. Pai ya samaki iliyokaa mezani siku nne bila kukatwa, ili anayeingia aone kuwa ipo, ilikuwa ya Agrafena, na anayetaka kucheka acheke sasa, maana mbele kuna mengine.

Tarehe 4 Oktoba 1853 aliingia hapa mwandishi Valerian Petrovich Kostyrin, wakati huo kijana asiyejulikana, mwenye koti lililochanika kwapani, akiwa na ramani inayoonyesha daraja juu ya mto wetu Lugovka, na kama wote tujuavyo daraja hilo lilijengwa mwaka 1831 kwenye makaratasi, likakarabatiwa kila masika kwenye makaratasi, likawa na mlinzi wake, Nikandr Sysoev, mtu wa kweli kabisa mwenye kofia ya serikali, aliyepaka rangi kizuizi cha daraja kila mwaka na kukisimamisha ukingoni mwa maji, mbele yake hapana kitu. Bwana Kostyrin alimwuliza, "Mzee, daraja liko wapi?" Nikandr akamjibu, "Mimi nimepewa kulinda, bwana, sikupewa kuuliza," na kwa kuwa mafuriko yalikuwa yamezuia pantoni, mwandishi akakaa kwetu siku kumi na moja, akila, akiandika, akicheka peke yake.

Tarehe 9 Oktoba, baada ya chakula cha mchana, akafika mkaguzi wa barabara kutoka mji wa gavana, mtu mkubwa mwenye sauti ya ng'ombe dume, akala, akalala, akaacha mabuti yake nje ya mlango ili yasafishwe, na Agrafena, msichana wa miaka kumi na tisa, alipopita na sinia, akayaona yale mabuti yenye matope hadi magotini, yamesimama wima kama yana mtu ndani, hofu ikamwingia, akaweka sinia chini, akayainamia hadi kiunoni mara tatu, akayaambia, "Karibu, Mtukufu, usingizi mwema, na kama pai ilikuwa na chumvi nyingi utusamehe, si kusudi." Alikuwa amejifunika shali ya mirabaraba ambayo yeye na dada yake walivaa kwa zamu, na nyuma ya mlango uliofunguka kidogo, jicho la Bwana Kostyrin lilikuwa linatazama mgongo ule.

Kitabu chake, Daraja la Gavana, kilifika Mokrogorsk mwezi Februari 1858, mwenye duka la dawa akakisoma kwa sauti mbele ya mitungi yake, na mji mzima ukajikuta humo, jaji na bata bukini wake wa hongo, mkuu wa polisi aliyelala kanisani amesimama, Nikandr na kizuizi chake, na katikati ya kitabu, kwa kurasa thelathini na mbili, mwenye nyumba ya wageni aitwaye Perepelkina, anayepima mishumaa kwa uzi, anayekausha majani ya chai na kuyainamia mabuti ya mkaguzi, na huyo Perepelkina amepewa uso wa marehemu, mnene, mweupe, mtulivu, na kidoa cheusi juu ya mdomo, upande wa kushoto. Agrafena naye yumo, haitasemwa kwamba hayumo, yuko ukurasa wa 64, na sentensi yenyewe ni hii: "Msichana akaleta maji, akaondoka."

Mwanzoni halikuwa jambo la kuonewa wivu. Mkuu wa polisi aliwatuma askari wake wakusanye vitabu vyote, watoto walitundika mabuti mabovu kwenye lango letu kila Jumapili, na tarehe 17 Mei 1858 mchumba wa marehemu, Ermolai, mtoto wa mfanyabiashara wa chumvi, alikuja na baba yake kuchukua pete, akasimama pale pale aliposimama Bwana Porfiri Antipych, akasema, "Stepanida Efimovna, ningekuoa, lakini sitaki kila nikivua mabuti yangu nijiulize unamsalimia nani." Marehemu alimpa pete, akampa na kipande cha pai cha njiani. Agrafena, ambaye tangu Januari 1854 alikuwa ameolewa na Luka mfunga mapipa, na kifuani ana mtoto wa tatu, aliyajua yote, alijua mgongo uliokuwa ndani ya ile shali ni wa nani, akafunga mdomo wake kama pipa la mumewe, akamshukuru Mungu kwamba mwandishi alidanganywa na shali, na akampelekea dada yake mtungi wa uyoga wa chumvi. Hivyo ndivyo alivyofanya, na hajutii uyoga, ulikuwa uyoga mzuri.

Ndoa ya marehemu ilifungwa tarehe 8 Novemba 1864, katika Kanisa la Mtakatifu Nikola, na Nikandr Sysoev, yule yule mlinzi wa daraja, mjane, mpole, mlevi wa sikukuu tu, na kwa kuwa wakati huo kitabu kilikuwa kimeanza kusifiwa katika miji mikubwa, watu walimiminika hata kutoka mji wa gavana kuona Perepelkina akiolewa na Mlinzi, jambo ambalo kitabuni halikutokea. Palikuwa na kandili mia moja kwenye theluji, na mtu mmoja mwenye miwani akiandika kila kitu, akamwuliza Agrafena, "Na wewe mama ni nani?" akamjibu, "Mimi ndiye dada yake," akauliza, "Kitabuni uko wapi?" na aliposikia ni ukurasa wa 64 akafunga daftari lake, akaenda kula.

Baada ya hapo mambo yaligeuka kabisa, kwa namna ambayo mtu asiyeishi Mokrogorsk hawezi kuamini. Yule aliyechekwa akawa mheshimiwa, na aliyeachwa nje ya kitabu akawa si kitu. Jaji alifuga bata bukini uani na kuwaonyesha wageni, mwenye duka la dawa akabadilisha kibao chake na kuandika jina aliloitwa kitabuni, ambalo halitasomwa mbele ya Baba Mikhail, na mke wa shemasi mpya akawa anaapa mbele ya msalaba kwamba "mwanamke mmoja mnene karibu na mishumaa" wa ukurasa wa 112 ni yeye, ingawa mwaka 1853 alikuwa na miaka tisa na mwembamba kama ufagio. Luka, Mungu amrehemu, aliumia mpaka siku yake ya mwisho, alikuwa akipiga nyundo huku akisema, "Mapipa yote ya wilaya hii nimeyafunga mimi, matango ya gavana mwenyewe yamo kwenye pipa langu, na mtu anaandika kitabu kizima bila pipa hata moja!"

Marehemu akawekewa kiti cha mikono pale dirishani, na kuanzia mwaka 1867, profesa wa Moscow alipoleta wanafunzi wake, wageni hawakukatika, wakitaka waone uzi, wakitaka wanywe chai iliyokaushwa, wakitaka waone mabuti, na marehemu, ambaye uzi hakujua hata unaanzia wapi, alijifunza. Alipima mshumaa vibaya, anaanzia kwenye utambi, lakini wakapiga makofi. Aliyainamia mabuti taratibu, kwa haya, kama bibi harusi, wakafuta machozi. Jikoni Agrafena ndiye aliyeoka pai, na wageni walipolalamika kwamba pai ni laini mno na kitabuni imekauka, akawa anaioka Jumatatu kwa ajili ya Alhamisi, akiwasikia ukumbini wakiguguna na kusema, "Ndiyo hii! Ladha ya Perepelkina hasa!" na dada yake akijibu, "Asanteni, wapendwa, ni mkono tu."

Mungu alimjalia marehemu mtoto mmoja, Vasilisa, aliyezaliwa tarehe 5 Machi 1866, mtoto mwenye nywele nyekundu aliyependa kukaa ndani ya mapipa ya Luka, na akamchukua tarehe 19 Agosti 1870, kwa homa ya vipele vyekundu iliyopita mtaani mwetu mwaka ule. Siku ya pili ya msiba, jeneza dogo likiwa chumba cha ndani, walifika wageni saba wa Petersburg ambao hawakupata habari, wakagoma kuondoka, wakasema farasi wamewalipia tangu mbali, wanataka waone kuinama mara moja tu, na Agrafena, ili dada yake asisumbuliwe, akatoka, akajitanda ile shali ya mirabaraba, akachukua mabuti ya Nikandr, akayaweka mlangoni, akayainamia mara tatu na kuyasemesha, neno kwa neno, kama alivyofanya miaka kumi na saba nyuma. Wakamtazama, wakatazamana, bibi mmoja mwenye kofia ya manyoya ya ndege akasema, "Maskini, anajitahidi, lakini hana ile roho," wakashuka ngazi. Kama alifanya vile kwa ajili ya dada yake tu, au na kwa ajili yake mwenyewe pia, Agrafena Efimovna amejiuliza miaka ishirini na miwili.

Mwandishi mwenyewe alirudi mara moja, tarehe 11 Julai 1871, akielekea kwenye chemchemi za kutibu miguu, amezeeka kabla ya wakati wake, ana fimbo mbili, na mji ulimpokea kwa kengele. Agrafena alivaa gauni lake la harusi lililoongezwa kitambaa ubavuni, akabeba jagi la maji ya baridi, akaingia nalo ukumbini ambako Bwana Kostyrin ameketi mkono wake uko mkononi mwa marehemu, akasimama mbele yake muda mrefu kuliko inavyohitajika kwa jagi, akingoja ainue macho amtambue. Akasema, "Asante, mama, weka hapo." Akaliweka. Akaondoka. Mwandishi alifariki huko Petersburg tarehe 3 Machi 1877, marehemu alivaa nyeusi mwaka mzima, na barua za rambirambi zikamjia yeye, magunia mawili.

Nikandr alifariki tarehe 30 Septemba 1884, kwa kifua, na daraja la kweli, la chuma, la reli, lilimalizika miaka miwili baadaye bila yeye kulilinda hata siku moja. Marehemu akabaki na Agrafena, aliyekuwa naye ameshafiwa na Luka, wakakaa wawili katika nyumba hii, mmoja kwenye kiti cha dirishani, mwingine jikoni.

Ugonjwa ulimwanza marehemu mwezi Oktoba 1892, moyo ulichoka, maji yakajaa miguuni yakapanda hadi magotini, pumzi ikawa fupi, akapelekwa mara mbili hospitali ya wilaya kwa sledi, lile gari la theluji lisilo na magurudumu, mara ya pili akasema amechoka kuviringishwa kama gunia, akataka kitanda chake. Agrafena alimwuguza, alimgeuza, alimsafisha, alimlisha uji wa mtama kwa kijiko, na hilo hasemi ili asifiwe, anasema kwa sababu ni kweli.

Tarehe 12 Februari 1893, baada ya chakula cha mchana, theluji inaanguka, marehemu alifungua macho, akasema, "Grusha, yule bwana hakukosea."

Agrafena akamwuliza, "Bwana gani tena?"

"Wa kitabu. Hakudanganywa na shali. Jioni ile aliuliza mezani, anacheka, nani kati yenu anayeyaamkia mabuti, na mshenga wa kina Luka alikuwa pale pale, kinywa kimejaa pai. Wewe ulikuwa kisimani. Nikasema ni mimi. Nikaona wewe ukitajwa, yule mwanamke atameza tonge lake na kwenda zake, na nani mwingine angekuchukua, na ulimi ule ulio nao."

Agrafena akasema, "Na majenerali walipokuja kukubusu mkono, ule ukweli uliuweka wapi?"

"Nilikuwa nimeshazoea," marehemu akasema. "Kiti kilikuwa kizuri. Nipe maji ya kabichi."

"Miaka thelathini na tisa, dada!"

"Ungeulizwa ungekataa, Grusha. Mwaka wa mabuti langoni ungekataa. Nipe maji."

Agrafena akampa maji ya kabichi, lakini hakumwekea kijiko cha asali aliyokuwa akimwekea kila siku, akaenda jikoni, akakwangua sufuria safi mpaka ikatoboka. Kwa siku tisa zilizobaki alimhudumia dada yake bila kujua ampige au ambusu, kwa sababu mtu akikuibia unajua la kufanya, na mtu akikutendea wema unajua la kufanya, lakini huyu alivifanya vyote viwili kwa maneno mawili ya mezani, akachukua aibu ambayo haikuwa yake, akachukua na sifa ambayo haikuwa yake, na hata ule wema wenyewe akaufungia ndani miaka yote, asimpe mwenziwe nafasi ya kusema asante, wala nafasi ya kusema nirudishie. Luka alipatikana kwa sababu ya neno lile. Timofei huyu anayesoma alipatikana kwa sababu ya neno lile, asikohoe, aendelee kusoma. Na kile kiti cha dirishani nacho kilikwenda kwa sababu ya neno lile.

Stepanida Efimovna alifariki dunia tarehe 21 Februari 1893, saa nne asubuhi, nyumbani kwake, akiwa na umri wa miaka sitini na mitatu, amepokea sakramenti, mkono wake wa kulia ukiwa ndani ya mkono wa mdogo wake, ambaye aliushika kwa nguvu kidogo kupita kiasi.

Sasa, Bwana Porfiri Antipych, neno la familia ni hili, na mchongaji aliandike kama lilivyo. Ndani ya jeneza hili hayumo Perepelkina. Mliosafiri kumzika Perepelkina, safari yenu haikuwa bure, lakini mmekosea mahali pa kutazama, kwa sababu Perepelkina yu hai, amekaa kwenye benchi karibu na mlango wa jikoni, amevaa kitambaa cheusi, anawatazama. Aliyelala hapa hakupima mshumaa hata mmoja kwa hiari yake, hakukausha jani la chai, hakumwogopa mkaguzi wala mabuti yake, na alipoona mdogo wake yu karibu kuchekwa mezani alisema "ni mimi" kama mtu anavyosema "pokea chumvi". Mtu wa namna hiyo asizikwe kwa jina la mchoyo. Jiwe lake liandikwe Stepanida Efimovna, binti wa Kudimov, mke wa Nikandr Sysoev, mama wa Vasilisa, dada wa Agrafena, na mabuti yasiwepo. Mchoro mliouleta msiutupe, wala msiukunje, uviringishwe vizuri uwekwe kabati la baraza, penye ukavu, kwa kuwa Agrafena Efimovna ana miaka hamsini na minane, miguu yake nayo imeanza kuvimba jioni, na jina lile ni lake, kurasa thelathini na mbili zote, wala hatakubali ipunguzwe hata herufi moja.

Familia inamshukuru daktari wa hospitali ya wilaya, Emil Karlovich, aliyekuja mara sita kwenye theluji na kusema ukweli kila mara, wauguzi wake wawili, Baba Mikhail kwa kuacha historia hii isomwe ingawa aliiona mapema, majirani wa Mtaa wa Pantoni walioleta kuni, unga na shuka, wake wa shemasi na wa jaji waliopokezana kusoma Zaburi, waendesha farasi wa zamani wa kituo waliojitokeza kubeba jeneza bila kuombwa, na baraza la mji kwa marumaru, ambayo inapokelewa. Baada ya makaburini tutarudi hapa kwa ngano ya asali, chapati za maji na pai ya samaki, iliyookwa leo alfajiri, laini, kama alivyoipenda yeye, na asiyeitaka laini aiache.

Ametutoka mwenye chumba cha wageni, mke, mama, mama mkubwa, na dada. Lala salama, Stepanida Efimovna, kwa jina lako mwenyewe, na huko uendako wakikuuliza nani aliyeyaamkia mabuti, safari hii waambie ni Grusha.